Mshenga wa Mota

Kwenye mlima wa Kadutu mnyororo ulinitoroka tena,
ukalala barabarani kama utumbo wa mbuzi,
na mikate mia mbili ya Mama Nsimire mgongoni mwa kinga
ikaanza kurudi ilikotoka.

Mota yenyewe ni ya pampu. Ilinywesha kabichi huko Kabare
miaka sita kabla ya kujua gurudumu ni nini.
Ina pupa. Inapiga kelele kama mtu kwenye simu
anayedhani umbali unataka sauti.
Nguvu ipo. Haifiki.

Zihindula, mtoto wa dada, aliketi juu ya kopo la rangi
akahesabu meno kwa chaki:
kumi na moja mbele, arobaini na manne nyuma.
"Mjomba, unamwomba panya apige hatua za tembo."

Baba alisukuma magunia papa hapa.
Bega lake la kulia lilibaki chini ya la kushoto
mpaka tulipomlaza.

Tukanunua vyuma chakavu kwa kilo.
Rulema mbili za kinu cha mahindi, bado zina unga.
Cirimwami akachomelea mhimili wa kati, chini ya kiti,
na mimi nikauita mshenga:
upande huu anapokea makelele ya mota,
upande ule anayapeleka kwa gurudumu
kwa maneno ya taratibu, yanayosikika.
Tisa kwa thelathini na sita.
Halafu tisa tena, kwa hamsini na manne.
Zihindula akapiga hesabu kwenye ukuta wa jirani:
mota izunguke mara ishirini na nne
ndipo gurudumu lizunguke mara moja.
Saa zote za siku, kwa mzunguko mmoja wa tairi.

Siku ya kwanza mnyororo ulilia.
Nabintu akaacha cherehani yake, akaja na uzi mwekundu,
akauvuta kutoka pinyo hadi pinyo, akafumba jicho moja:
"Mshenga wako amekaa upande. Unene wa ukucha."
Washa mbili. Kukaza nati. Kimya,
yaani kimya cha mota, si cha watu.

Leo tumepanda.
Polepole hivi kwamba watoto walitembea pembeni wakinisalimu
mmoja mmoja, kwa majina yangu yote,
na mwanamke mmoja alinunua mikate minne, akalipa,
akadai chenji, akaihesabu,
nami sijasimama.
Mama Nsimire alikuwa nyuma, mikono kiunoni:
"Kwa mwendo huu ningefika kabla yako!"
Angefika, kweli.
Lakini hakuna aliyesukuma.
Nililigusa bega langu la kulia, nikalipima na la kushoto,
kisha nikaona aibu, nikashika usukani.

Juu, sokoni, nikazima.
Mafuta yalibaki nusu chupa, mnyororo ulikuwa wa moto,
na mbele yangu barabara yote ile ikiningoja kushuka.

Breki tutazungumzia wiki ijayo.