Ganda Nene

Menya ganda nene, wamesema wataalamu,
unene wa kidole uende na ganda,
sumu hukaa nje, ubavuni mwa udongo.
Mama analishika gimbi
kama mtu ashikavyo mkono wa mgonjwa.
Kisu kinazama. Nyama nzuri inaanguka sakafuni,
na kinachofika chunguni
hakimshibishi paka.

Ushauri huo nimeuleta mimi.
Nina beji, nina buti, nina keekee ndefu ya chuma
ya kutoboa mashamba ya watu huku Martiniki,
kuutoa udongo kama daktari atoavyo damu.
Nyuma ya kanisa, mifuko ishirini.
Kwa mzee Anicet, kumi na miwili:
alinifuata tundu kwa tundu, kofia mkononi,
kana kwamba nazika.

Leo ni zamu ya shamba la Mama.

"Toboa hapa," ananiambia. "Hii ilikuwa safu ya nane.
Ya tisa ilikuwa ya Eudoxie, Mungu amrehemu.
Tulilipwa kwa shina, si kwa saa.
Ndoo kiunoni, unga mweupe,
kikombe kimoja kila mgomba,
fukusi afe, mkungu usimame,
meli isiondoke nusu tupu.
Glavu? Msimamizi alikuwa nazo.
Alikuwa na farasi pia,
na siku ya unga farasi aligoma kuingia shambani.
Sisi tuliingia.
Saa sita tulikula tumekalia ndoo.
Nikirudi nyumbani wewe unalia, unataka ziwa,
ulikuwa bado mchanga.
Nilinawa mikono, Nadège.
Mikono nilinawa."

Mchanga.
Neno moja, kitoto na ardhi,
na vyote viwili hupokea wanachopewa
bila kuuliza kimetoka wapi.

Fukusi alikufa, ni kweli.
Na ndizi, kwa kuwa zilining'inia juu,
mbali na mizizi, ziliondoka safi,
zikavuka bahari na kibandiko cha buluu ubavuni.
Kilichosafiri kilisafiri kisafi.
Kilichobaki ni chini: gimbi, kiazi kikuu, sisi.

Mvua ikauteremsha unga mtoni,
mto ukawagawia kamba na kaa.
Sasa pana kibao: MARUFUKU KUVUA.
Binamu Rosemond huvua usiku,
maana usiku, asema, kibao hakisomeki.
Na tangu walipotupima damu
majirani hawaulizani tena hali,
wanaulizana: "Ngapi?"
Anicet hasemi yake. Mkewe naye hasemi.
Tunamwona tu akishuka basi la hospitali
kila Alhamisi, suruali ikizidi kumpwaya.

"Itaisha lini?" Mama anauliza.
Nasema: labda wajukuu wa wajukuu wako.
Anahesabu kwa vidole,
vidole vinaisha,
anaifuta mikono kwenye aproni.
"Unga ule," anasema, "siku nzima nilitembeza gunia moja na nusu.
Siku moja. Mtu mmoja.
Nilijisifu, unajua? Nilikuwa na mkono mwepesi."

Sikupata jibu. Niliandika lebo:
safu ya nane, kina sentimita thelathini,
mmiliki, Léocadie. Kalamu ikakwama kwenye jina.
Nikaufunga mfuko, nao ulikuwa na uvuguvugu bado,
mweusi, mwororo, wenye harufu ya mvua,
udongo ambao mgeni yeyote angeuita mzuri.

Jioni. Chungu kinachemka na kile kidogo.
Mama anafagia maganda manene,
anayajaza beseni hadi ukingoni,
hajazoea kutupa chakula, hatazoea.
Anafungua mlango wa nyuma kwa goti
na kupiga ulimi: ko, ko, ko.

"Mama!"

Beseni linabaki hewani.
Kuku wamekwisha kuja, mbio, shingo mbele.
Mezani, nyuma yetu, mwanangu
anagonga yai lake la pili
kwa mgongo wa kijiko,
taratibu,
analimenya ganda jembamba.