Yupo, Yuko, Iko

Fomu ya kuandikisha mtoto ina mstari huu:
*Baba: yu hai / amefariki. Kata isiyohusika.*
Mama Mauwa akaishika kalamu yangu
kama mtu aliyepewa kisu amchinje kuku wa jirani,
akaitua mezani.
"Madamu, hapo unirukishe."
Nikamrukisha.

Kadi ya kliniki ililowa usiku wa kuvuka;
tarehe zote zimekuwa ziwa.
Basi tukahesabu miaka kwa meno: ya mbele yameota, ya pembeni bado.
Tisa, akasema Mwalimu Mkuu Bidyanguze, akagonga muhuri,
kisha akanung'unika kwa Kiha, peke yake,
jambo fulani kuhusu bibi yake na mto Malagarasi.

Asukulu Wilondja. Darasa la Tatu B,
watoto tisini na mmoja, madawati ishirini na sita.
Jina lake wakalipokea kwa meno:
*A-skuli! A-skuli hana skuli!*
Asubuhi ya kwanza niliita mahudhurio.
Nipo. Nipo. Nipo mwalimu. Nipo.
Halafu, kutoka sakafuni karibu na mlango:
"Niko!"
Darasa likaangua kicheko hadi popo wa darini wakagutuka.
Hata mimi (niandike ukweli)
hata mimi nilitabasamu.

Insha yao ya kwanza: *Watu wa nyumbani kwetu.*
Umeme ulikatika, nikasahihisha kwa tochi ya simu.

*Kwetu tuko batatu. Mama iko anauzisha ndagala ku Kibirizi.
Dada iko analala. Baba iko ngambo.*

Batatu, watatu. Anauzisha, anauza.
Kalamu nyekundu ilidonoa kama kuku penye mpunga ulioanikwa.
*Iko*, futa. *Iko*, futa.
*Iko* ya tatu ikanigomea.
Yuko ng'ambo? Alikuwa ng'ambo?
Ni mimi niliyewafundisha, Jumanne ile ile:
*pa* ni mahali unapopaona, *mu* ni ndani,
*ku* ni huko, kule, pasipo uhakika.
Walighani pa-ku-mu wakipiga madawati,
na yeye, asiye na dawati la kupiga,
alikaa kimya akinitazama,
mwenye *ku* yake tayari.

Jumamosi nikashuka Kibirizi.
Mama Mauwa alikuwa anageuza dagaa mchangani kwa ufagio.
"Umekuja kudai pesa ya uji."
Kweli, ndilo nililotumwa. Orodha ilikuwa mkobani.
Nikajikuta nauliza Kiswahili:
kwenu, *yupo* mnasemaje?
Akacheka, mara ya kwanza nimwone akicheka.
"Iko. Mtu iko, mbuzi iko, Mungu iko.
Haina maneno mengi."
Akanijazia bakuli, akalifunika kwa kitenge.
Daftari la kamati halina safu ya dagaa.
Mpishi akawatosa kwenye maharage,
na Jumatatu ile hata watoto wa Tatu A
walipanga foleni yetu.

Siku hizi Asukulu hukaa baada ya kengele.
Ananisomea, namsomea.
Nimemwambia kuna Kiswahili cha mtihani
na kuna Kiswahili cha kumwitia mama yako,
na kwamba hakuna aliyemtuma achague.
Sijui kama ameniamini.

Fomu imerudi kutoka wilayani mara ya pili,
kikaratasi kimebanwa juu: *Haijakamilika. Kata isiyohusika.*
Mwalimu Mkuu ameilaza kwenye droo, chini ya chaki.
"Hii droo," anasema, "funguo yake inapotea sana."

Leo niliita majina.
"Asukulu." "Niko!"
"Hamenya", mtoto wa Gungu huyo, kazaliwa Gungu,
bibi yake kazaliwa Gungu. "Niko!"
Na wa nyuma yake. "Niko!"
Kwa utani, au kwa utamu tu wa neno mdomoni.
Nilipaswa kusahihisha.
Nikapapasa mezani, chini ya rejesta, kwenye nywele zangu.
Kalamu nyekundu iko mahali fulani.
Yenyewe, angalau, sarufi inairuhusu kuwa *iko*.