Goti Lililolegea

Katika karakana ya Fundi Kabulo, Katuba,
juu ya tanuru ambalo leo halijawashwa,
zimepigiliwa picha nne
alizoachiwa na Bwana Pandelis, Mgiriki wa duka la vitambaa,
siku alipofunga milango akarudi kwao.

Ya kwanza ni kijana wa jiwe.
Ngumi mapajani, mguu wa kushoto mbele,
na haendi popote.
Anatabasamu kama mtoto wa shule
aliyeambiwa: wima, mkaguzi anakuja.
Miaka mia na zaidi walimchonga huyuhuyu,
goti likipata mfupa, tumbo likipata pumzi,
kidogo, kidogo.

"Tazama ya pili," asema Fundi. "Hapa ndipo jiwe lilipochoka."
Uzito wote mguu mmoja.
Goti la pili limelegea, nyonga imepanda,
na lile tabasamu limekwenda zake.
Nikacheka. Huyu namjua!
Ndivyo asimamavyo Mama Ngoie soko la Kenya,
saa nane, unga haujauzika,
kiganja kiunoni.
Hakuna aliyemfundisha.
Wao iliwachukua vizazi vingapi kumwona?

Ya tatu Fundi anaipenda, mimi siipendi:
mbeba mkuki, kila kitu kwa kipimo,
kidole kwa kiganja, kiganja kwa mkono,
mwili usiowahi kudaiwa kodi ya nyumba.

Ya nne ni bondia aliyezeeka ulingoni.
Ameketi. Pua imevunjika, masikio yamevimba,
amegeuza shingo kama aliyeitwa kwa jina.
Na damu yake,
Fundi ananivuta mkono nisogee,
damu yake ni shaba nyekundu
iliyopachikwa ndani ya jeraha.

Shaba.
Tukanyamaza wote wawili.
Kaka yangu Mwepu huketi hivyo ukingoni mwa kitanda
tangu shimo lilipomwangukia,
akiitwa, hugeuza shingo tu.
Nje, bomba refu la moshi limesimama
ngumi mapajani, kama yule wa kwanza.

Kesho tunawasha tanuru.
Kampuni imeagiza sanamu ya mchimbaji kwa ajili ya lango lake:
asimame wima, wamesema, na atabasamu.
Nta nimeshaikanda.
Mdomo nimewapa.
Goti la kulia nimelilegeza kwa kidole gumba,
kidogo tu,
Fundi akiwa amenipa kisogo,
au amejifanya.