Gramu Hamsini na Nane

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Duka la sonara lina feni isiyowashwa:
upepo, anasema, hutia uongo kwenye mizani.

Kikapuni, chini ya mafungu ya mchicha,
nimebeba fedha za wanawake kumi na mmoja.
Zina harufu zao: za Mwantumu zanukia samli,
za Bi Chausiku, dawa ya nywele.
Tumechoka kuweka shilingi inayonyauka kama huu mchicha.
Mwaka huu, tulisema, tununue kisichooza.

Semboja kaja nayo toka Handeni kwa pikipiki,
imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.
"Wallahi, mama," anasema.
Sonara Jagjivan hainui uso:
"Kiapo nitakipimia wapi?"

Mhuri upo, tisa tatu, zimenyooka.
Mhuri hata kinyozi anaweza kugonga.
Sumaku inapita juu yake, haishtuki.
Anaikwaruza kwenye jiwe jeusi
lenye michirizi ya harusi na talaka za mji mzima,
anadondosha tindikali, tone moja.
Mchirizi unabaki.
Semboja anashusha pumzi. Na mimi;
mkono ushafika kwenye mchicha.

"Hiyo ngozi," anasema sonara. "Bado nyama."

Uzi. Bilauri ya maji. Mizani.
Hewani: hamsini na nane.
Majini, dhahabu ingepoteza tatu, basi;
maji hayana mjomba wala shemeji.
Inapoteza tano na ushei.

Anarudia.
Tano na ushei.

Anashika patasi, anamtazama kijana.
Kijana anaitikia kwa kichwa.
Na chini ya umanjano, kijivu:
risasi, kama ya betri kuukuu,
laini, inakatika bila ubishi.

Nilishapanga matusi yangu yote.
Lakini Semboja kakaa sakafuni, soksi mkononi,
anahesabu kwa sauti ya ndani: mbuzi saba,
kipande cha shamba la baba,
na pikipiki yenyewe bado ya mkopo.
Naye aliapiwa.
Au ni mwigizaji hodari.
Hilo halina bilauri.

Sonara anadai elfu tano yake ya kupima.
Nalipa, kwa zangu mwenyewe.

Usiku, ukumbini kwa Mwantumu,
natoa mchicha, namwaga noti mkekani.
"Hesabuni."
Wanacheka: "Wewe tena, Mama Kilua!"
Nasogeza taa karibu.
"Hesabuni."