Soksi za Mgombea

Sikuajiriwa kumpenda. Niliajiriwa kuendesha gari,
Volvo kuukuu yenye hita inayokohoa,
kilomita mia mbili kwa siku huku Kainuu, mwezi wa tatu,
theluji ingali imelala kama mgeni asiyejua kuaga.
Chama chake si changu. Nilimwambia siku ya kwanza.
Akafunga mkanda, akasema: "Haya, twende."

Tuulikki Heiskanen, mwalimu wa hesabu.
Kwetu Ufini viatu huvuliwa mlangoni,
lakini wagombea niliowaendesha kabla yake
walisimama kizingitini na buti zao,
wakanyoosha karatasi, wakanyoosha mkono, kwaheri.
Yeye alivua. Akaingia. Akakaa.
Ndiyo maana soksi zake zilitoboka mapema,
na usiku, kiti cha nyuma, chini ya kitaa cha dari,
alitia viraka visigino
huku akinirudishia nyumba tulizopita:
"Kwa Raappana paa linavuja upande wa jiko.
Kwa Sirkka basi la shule halifiki tena.
Mbwa wa Moilanen ni kiziwi. Kesho usimpigie honi, shuka."

Kahawa, vikombe kumi na kimoja kwa siku;
kukataa ni kutukana.
Alikunywa, kisha akaosha kikombe chake
bila kumngoja mpiga picha.
Mpiga picha hatukuwa naye.

Aliandika kwa penseli, maana wino huganda.
"Hili nitauliza." "Hili siliwezi."
Siliwezi! Nani huomba kura kwa neno hilo?

Mzee Taavetti Kemppainen alimwambia usoni:
"Kura yangu huipati, hata ufe."
"Najua," akajibu. "Ila kuni zako zinalowa."
Nusu saa nzima tulihamisha magogo, mimi na yeye na mzee,
na redioni walikuwa wanatungoja.
Nilikasirika, nikasema.
Akapangusa maganda ya mti kwenye mikono:
"Redio haisikii baridi."

Si malaika. Alichelewa kila mahali,
akatafuna peremende nyeusi za chumvi
na karatasi zake akazisukumia chini ya kiti changu.

Alikosa ubunge kwa kura kumi na tisa.
Jumatatu simu ikalia: "Gari lipo?"
Tukazunguka tena njia ile ile
kubandua mabango, uso wake ukikunjwa
na kuingizwa butini mara themanini na nne.
Pini alizing'oa kwa koleo, moja moja,
akazitia kwenye kopo la jemu,
ng'ombe wa watu wasije wakazimeza.
Bango la mshindi lilikuwa limeanguka mtaroni.
Akalitazama. "Huyo ana watu wake," akasema,
tukapita.

Watu huniuliza nilimpigia nani.
Kura ni siri.
Ila soksi moja ilibaki garini,
ya kijivu, kisigino kimeshonwa mara tatu
kwa nyuzi za rangi tatu.
Sijairudisha.
Hita bado inakohoa.