Gramu Tisa

Nimewapanga ndege wangu elfu kumi
kwenye ufukwe wa Luisiana, ndani ya kompyuta.
Ni nukta tu. Kila nukta nimeipa mafuta yake ya kifuani,
siku zake za kupumzika, na sharti moja:
upepo ukivuma toka kaskazini, ondoka;
ukigeuka, subiri.

Nabonyeza. Zinamwagika juu ya Ghuba ya Meksiko
kama mtama kutoka gunia lililopasuka.
Kunapokucha, kucha kwa kubuni,
nyingi zimetua Yukatani. Nyingine
zimezimika katikati ya maji, bila hata mchirizi.
Jedwali linaziita hasara: asilimia saba.

Baba hakujua asilimia.
Odilon Fontenot, miaka ishirini na sita
kwenye jukwaa la mafuta, maili tisini baharini.
Usiku wa mvua ya Oktoba, taa zilipowapumbaza ndege
wakazunguka, wakazunguka, mpaka wakaanguka,
aliwaokota kwa kofia yake ya kazi.
Wazima aliwalaza nyuma ya mashine ya kufulia, penye joto.
Wafu aliwatia kwenye kopo la kahawa,
akaja nao nyumbani mwisho wa zamu,
akawapanga juu ya gazeti kwenye meza ya kulia,
mama akisonya.
"Shika, Lalie. Barua ya kurasa mbili
ni nzito kuliko huyu."

Sasa kuna 0417.
Yeye si nukta. Nilimnasua mwenyewe wavuni,
koo la manjano, gramu tisa, moyo ukidunda hauhesabiki,
nikamvika kisambaza mawimbi chepesi kuliko harage.
Aliondoka usiku ambao kila hesabu ilimwambia kaa:
upepo usoni, mafuta haba, radi zikinguruma kusini.
"Kifaa kibovu," akasema Thanh-Vy wa meza ya pili. "Mfute."

Sikumfuta.
Niliongeza herufi moja kwenye mlinganyo,
nikaitafutia jina: njaa? ubishi? kiherehere?
Au aliwasikia wenzake wakiitana juu gizani
akaona haya kubaki?
Niliandika: tabia.
Neno pana kama bahari, nalo halina pa kutua.

Mnara wa mwisho kumsikia ulikuwa juu ya jukwaa la mafuta,
dakika kumi na nne. Kisha kimya.
Kimya si kifo. Huenda ni mahali tu
ambapo hatujajenga mnara.

Baba alikufa kitandani, kwa figo, mchana wa jua kali.
Hapo hakuna cha kujifunza.

Lakini jana usiku, ofisi ikiwa tupu,
nilichora mraba mdogo katikati ya ghuba,
nikautia joto, nikauondolea upepo,
nikaziruhusu nukta zilizochoka zitue.
Asilimia sita nukta tisa.

Asubuhi Thanh-Vy akagusa kioo kwa kidole:
"Na hiki nini?"
"Mashine ya kufulia," nikasema,
naye akacheka, akaenda kuchemsha kahawa.