Nukta Ishirini na Nne

Tarehe kumi na tatu Februari, Majengo imeamka nyekundu.
Nyekundu kwenye kanga, nyekundu kwenye maputo,
nyekundu ya chupani imeniishia kabla ya saa nne.
Nagonga chupa mbili, ka-ka, ka-ka,
kikapu begani, pamba, asetoni, kigoda cha kukunja,
na wanawake wa Dodoma wananinyoshea mikono.

Karani wa wizara anataka mioyo,
mmoja kila ukucha, "na usiinenepeshe."
Moyo nauchora kwa pini:
vitone viwili juu, navivuta chini vikutane.
Muuza vitenge anataka herufi S, kidole cha pete.
Anaitazama. "Futa. Weka ua."
Siulizi.
Nimeshika mkono wa mke wa mtu,
macho yangu yanaishia kwenye ukucha.

Binti wa chuo anataka theluji,
ameiona kwenye simu, mapenzi ya nchi za baridi.
Theluji!
Na mvua imeotesha nyasi hadi mitaroni,
zabibu za Hombolo zinauzwa kwa ndoo.
Namchorea. Sijawahi kuiona,
naifananisha na chumvi.

Saa nane akaja Nyemo, kutoka Buigiri,
vidole vina madoa ya zabibu,
kucha fupi, moja imepasuka.
"Rangi gani?"
"Yoyote. Hataiona."

Nikadhani wamegombana.
Akakunjua karatasi ya daftari:
vidoto, vidoto, safu tisa za vidoto,
kama mtu aliyejaribu kalamu.
"Mume wangu anasoma nukta nundu.
Nataka kesho anishike mkono, anisome."

Nikahesabu. Nukta ishirini na nne,
herufi tisa, kucha kumi.
Nikapaka zambarau, ifiche madoa.
Kisha gundi, kisha shanga ndogo kuliko mbegu ya mchicha,
moja moja, kwa ncha ya njiti,
N kwenye kidole cha mwisho cha kushoto,
A, K, U, P kwenye gumba,
nikahamia mkono wa kulia.
Hapo mvua ikashuka bila kupiga hodi.
Tukaingia chini ya turubai la muuza karanga,
yeye mikono mbele, haigusi kitu,
kama anayebeba maji bila ndoo.

"Na wa kumi?"
"Uache mtupu. Huo ni wake."

Nilimtoza elfu tatu. Nilistahili tano,
lakini sikujua bei ya kuandika.

Wiki iliyofuata nikamwona anakuja, anacheka tangu mbali.
"Fundi, ukucha wa sita umeugeuza.
E umeifanya I.
Umeandika *nakupinda*."

Nilitaka ardhi ya Majengo inimeze na kikapu changu.
"Mwalimu Ndahani alisoma mara moja.
Akarudia, polepole, kidole kwa kidole.
Akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.
Akasema: kweli umenipinda, mama,
miaka kumi na moja,
na mpaka leo sijavunjika."

Nikatoa njiti. "Kaa nikurekebishie, bure."
Akaurudisha mkono kifuani haraka,
kama nimetaka kumvua pete.

Shanga tatu zilikuwa zimekwisha dondoka
kwenye ugali au kwenye mizabibu.
Lakini ule wa kumi, niliouacha mtupu,
ulikuwa na kitone kimoja cha nta ya mshumaa,
kimekaa upande, kinene, si kazi ya fundi.

Nukta moja naijua sasa. Ni A.
"A ya nini?" nikamuuliza,
mimi nisiyeuliza.

Nyemo akakigusa kwa ncha ya kidole gumba.
"Hajamaliza," akasema,
akanunua karanga, akaenda zake.